Kamera kwa mgeni rasmi, wachezaji gizani!

HAPA Misugusugu, kando ya barabara ya Morogoro, kuna dereva wa bodaboda ambaye jua liwake, mvua inyeshe, habanduki na sweta lake la mtumba lenye kofia. Alilinunua Mlandizi. Ni la bluu, na kifuani limeandikwa kwa herufi kubwa za njano: MICHIGAN. Juzi tulikuwa kijiweni, yeye anasubiri abiria, mimi nasubiri habari ya kuuza gazetini, na vyote viwili siku hiyo vilikuwa adimu. Nikamuuliza: "Mwanangu, hivi hiyo Michigan ndiyo nini?"

Akanijibu bila kusita: "Si kampuni ya matairi hiyo, kaka."

Kijiwe kizima kilivunjika mbavu, na mimi nikiwemo. Usiku nikiwa kitandani ndipo kicheko kilipokauka, kwa sababu yule bwana namjua tangu tukiwa shule, na kama kuna mtu katika kata hii aliyestahili kujua Michigan ni nini, basi ni yeye.

Michigan, ndugu msomaji, ni chuo kikuu cha Marekani. Wanafunzi wake wana timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama majogoo, na uwanja wao unaingiza watu zaidi ya 107,000. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa, ambao tangu ulipofunguliwa mwaka 2007 tunajivunia kila mgeni akija, unachukua watu 60,000. Ukiujaza Mkapa wote, ukawahamisha watu wake wakakae pale Michigan, bado viti zaidi ya 40,000 vitabaki vitupu. Na hao wanaotazamwa ni wanafunzi, watu wa daftari na mitihani!

Sasa sikiliza hela. Chuo hicho kimo katika umoja wa vyuo unaoitwa Big Ten, ambao una ligi zake na mashindano yake. Mwaka 2022 umoja huo uliuza haki ya kuonyesha michezo yake kwa televisheni tatu, Fox, CBS na NBC, kwa mkataba wa miaka saba unaozidi dola bilioni 7. Kwa shilingi za mwaka ule ni zaidi ya trilioni 16. Mwaka mmoja kabla yake, Mei 2021, TFF na Azam walitiliana saini mkataba wa miaka 10 wa Sh bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu, na nchi nzima ikashangilia. Tulikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu huko nyuma timu za mikoani zilikuwa zinasafiri kwa mchango wa wanachama na huruma ya mwenye basi. Lakini hiyo ni Simba, ni Yanga, ni ligi nzima ya watu wazima wanaolipwa mishahara.

Mechi za wanafunzi wetu thamani yake kwenye runinga ni shilingi ngapi? Usihangaike kutafuta. Kitu kisichoonekana hakina bei.

Rudi sasa kwa bodaboda wangu. Jina lake silitaji kwa sababu hajanituma. Huyu bwana alikuwa winga wa kulia. Nasema winga, si mtu aliyepangwa kule pembeni kwa sababu kocha alikosa mahali pa kumweka. Alikuwa anampiga beki tobo, anamsubiri ageuke, anampiga tobo lingine, halafu krosi inakwenda kichwani kwa mtu kama barua iliyobandikwa stempu. Mimi nilikuwa beki wa kushoto katika timu hiyo hiyo na mazoezini ndiye niliyekuwa namkaba, kwa hiyo nayasema haya kama mtu aliyeumia.

Tulifika naye UMISSETA ngazi ya mkoa. Kwa asiyejua, huo ndio mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchi nzima: unaanzia shuleni, unapanda wilaya, unapanda mkoa, mwenye bahati anakwenda taifa. Tulilala darasani juu ya magodoro tuliyobeba wenyewe, ugali na maharage asubuhi, mchana na jioni, na mwalimu wetu wa michezo ndiye aliyetununulia bandeji kwa mshahara wake. Sisi hatukulalamika. Tulikuwa na miaka kumi na saba na tuliamini mtu fulani anatutazama.

Siku ya mechi ya mwisho likaja gari la kituo kimoja cha televisheni. Jina la kituo nalo naliacha. Jamani, ile timu ilivyochangamka! Watu walifunga upya kamba za viatu. Winga wangu alinyoa ndevu ambazo hakuwa nazo. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu, sisi tuko juani, kamera nazo zinamsubiri. Alipofika akapiga picha na timu, akatusalimia mmoja mmoja, akapiga mpira wa ufunguzi kwa kiatu chenye ncha, akahutubia kuhusu nidhamu. Alipoondoka, gari la televisheni likaondoka nyuma yake. Refa alikuwa hajapuliza filimbi!

Kesho yake tulijazana kwa jirani mwenye runinga kuangalia taarifa ya habari. Ilikuja, ikapita, kama sekunde arobaini hivi. Mgeni rasmi anashuka kwenye gari. Mgeni rasmi anapiga mpira. Mgeni rasmi anasisitiza nidhamu. Ukitazama sana upande wa kushoto wa picha, kuna mkono wa jezi ya bluu. Ule mkono ni wangu. Ndio mwanzo na mwisho wa maisha yangu ya soka katika televisheni.

Na katika mechi ile ile iliyokosa macho, winga wangu alifunga mawili na kutengeneza la tatu. Nani ana ushahidi? Mimi. Na beki aliyekuwa anamkaba, ambaye sidhani kama atapenda kutoa ushahidi. Hakuna mkanda, hakuna picha, hakuna kitu anachoweza kumpelekea kocha wa timu yoyote akamwambia, "Mzee, niangalie hapa." Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yangu, akaingia barabarani.

Kuna watu watasema nalia kwa sababu ya rafiki yangu. Naam, nalia kwa ajili yake, lakini ugonjwa huu ni wa siku nyingi kuliko yeye.

Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, John Walker wa New Zealand akimhemea mgongoni, akavunja rekodi ya dunia. Dunia iliziona mbio zile kwenye runinga. Tanzania Bara haikuziona, kwa sababu Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni; Zanzibar ndio walikuwa wametangulia, sisi tukaambiwa ni anasa. Baba zetu walimfahamu Bayi kwa masikio. Tulikaa hivyo mpaka mwaka 1994, miaka 20 baada ya Christchurch, na hata hapo zilizotangulia zilikuwa za watu binafsi, ITV na wenzake. Ya serikali, TvT, ambayo baadaye ikageuka TBC, ilianza kuonekana mwaka 2000. Bayi huyo huyo alikuja kuanzisha shule hapa hapa kwetu Kibaha, Mkuza, mwendo wa daladala kutoka hapa ninapoandikia.

Halafu akaja Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, alisoma Makongo, akaenda kumalizia sekondari Houston, Texas, kisha akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Connecticut, akacheza kikapu huko kuanzia 2006 hadi 2009. Connecticut wakati ule walikuwa katika umoja wa vyuo ulioitwa Big East. Mtanzania huyu aliteuliwa mlinzi bora wa umoja mzima mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, na mwaka huo wa pili akagawana na mwingine tuzo ya mchezaji bora. Tarehe 12 Machi 2009, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Connecticut na Syracuse walicheza mechi ambayo Wamarekani wanaisimulia mpaka leo. Muda wa kawaida ukaisha sare. Wakaongeza dakika, sare. Wakaongeza tena. Waliongeza mara sita! Mechi ilianza usiku wa Alhamisi ikaisha Ijumaa, hapa kwetu jua limeshachomoza saa mbili asubuhi, Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Mtoto wa Makongo alikuwa ndani ya mechi ile. Miezi mitatu baadaye akachaguliwa wa pili katika wachezaji wote walioingia NBA mwaka huo. James Harden alichaguliwa nyuma yake, na Stephen Curry, yule ambaye kila kijana mwenye mpira wa kikapu anajifanya yeye, alichaguliwa wa saba.

Kwamba baadaye mambo ya NBA hayakumwendea kama ilivyotarajiwa, hilo ni jambo jingine na wala halimpunguzii kitu. Hoja yangu ni kwamba aliyemwona Hasheem akicheza mechi za shule kwenye runinga ya Tanzania anyooshe mkono. Wamarekani ndio waliotuonyesha mtu wetu, tena kwa waliokuwa na dishi la kulipia. Mbwana Samatta naye TP Mazembe walimjua kwa sababu Simba walipangwa nao Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2011, wakamwona kwa macho yao akiwasumbua, wakafungua pochi. Kama kura ile ingewapa Simba mpinzani mwingine, hadithi yake huenda ingekuwa nyingine kabisa. Tunakaa tunategemea bahati nasibu wakati kamera zipo.

Nikiuliza kwa nini, najibiwa gharama. Neno hili gharama limekuwa pazia la kila kitu nchini. Januari 2016 aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao moja kwa moja kama ilivyozoeleka, kwa sababu ya gharama, akataja Sh bilioni 4.2 kwa mwaka. Kelele zilizopigwa siku ile kila mtu anazikumbuka, na gazeti kama hili halihitaji kurudia lilisema nini. Mimi nauliza swali la kijiweni tu: muda ule wa hewani uliookolewa, vijana wa shule walipewa hata robo saa?

Gharama! Nendeni ukumbi wowote wa sherehe hapa Kibaha siku ya Jumamosi. Sendofu ya binti wa mtaani ina kamera tatu, skrini mbili, droni inazunguka juu ya vichwa vya wakwe, na shangazi aliyeko Muscat anatazama moja kwa moja kwenye simu (mubashara, kama wanavyopenda kusema siku hizi) na analia kwa wakati ule ule na waliopo ukumbini. Fundi wa kazi hiyo ni kijana wa miaka 22, ana kompyuta moja na bando. Familia ya muuza duka imeweza. Mkoa mzima, wenye afisa elimu, afisa michezo na afisa utamaduni, unashindwa?

Kuna uthibitisho mwingine kwamba inawezekana. Kuanzia mwaka 2007, kampuni ya simu iliyoitwa Celtel, ikabadilika kuwa Zain, iliendesha shindano la chemsha bongo la vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, na likaonyeshwa kwenye televisheni mpaka 2010. Wanafunzi wamekaa kwenye viti, wanabonyeza kitufe, wanataja mji mkuu wa nchi fulani. Na watu walitazama! Iwapo kijana anayetaja mji mkuu anapendeza kwenye runinga, huyu anayempiga mtu kanzu atachosha?

Majirani wamelala? Uganda wana ligi ya soka ya vyuo vikuu tangu 2012, timu zinacheza nyumbani na ugenini, na mechi zake zimekuwa zikionyeshwa kwenye televisheni. Afrika Kusini walianzisha ligi ya raga ya vyuo mwaka 2008, wakaipa siku ya Jumatatu jioni, siku ambayo hakuna mchezo mwingine wa maana kwenye runinga. Ni akili ndogo tu hiyo. Sisi tuna Mlimani, tuna Ardhi, tuna IFM na CBE, ukipanda na barabara hii unafika Morogoro kwa Mzumbe na SUA, ukiendelea mbele kuna Dodoma. Jumatatu yetu ina nini ambacho hakiwezi kusogezwa?

Ziko sababu nyingine zinazonong'onwa. Moja ni kwamba michezo inaharibu masomo. Hiyo tumeshaisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano ya UMISSETA na yale ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yalisimamishwa kabisa. Miaka imepita, yamerudishwa, Mtwara imeyapokea, Tabora imeyapokea, lakini ile fikra kwamba mtoto akikimbia amepoteza muda haijaondoka kwenye ofisi za wakubwa. Imebadilisha suti tu. Zamani walisimamisha mchezo. Sasa wanauacha uchezwe mahali pasipo na macho.

Hapa niseme jambo ambalo wengine wa upande wangu hawatalipenda. Nawasikia washikaji wakisema, "Waje tu hao wenye kamera, hata kesho, kwa bei yoyote." Polepole, jamaa zangu! Marekani niliyowasifia hapo juu ina upande wake wa pili, na huo nao tuujue kabla hatujafungua mlango.

Kule zamani shirika linalosimamia michezo ya vyuo, NCAA, ndilo lililopanga chuo gani kionekane na mara ngapi. Lilibana kama duka la kaya lilivyobana sukari. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na Juni 1984 Mahakama Kuu ya nchi, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ikasema ule ni ukiritimba na ni kinyume cha sheria. Ndipo mafuriko yalipoanza. Kila umoja wa vyuo ukaanza kuuza wenyewe. Mashindano ya kikapu ya kila Machi peke yake, mwaka 2010, yaliuzwa kwa CBS na Turner kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14.

Na mchezaji? Mchezaji alipewa ada ya shule, kitanda na chakula, akaambiwa hiyo inatosha kwa sababu yeye ni mwanafunzi, si mfanyakazi. Kocha wake analipwa mamilioni ya dola, yeye akipokea hata hela ya viatu kwa kutumia jina lake anafungiwa. Kulikuwa na bwana mmoja, Ed O'Bannon, nyota wa kikapu wa chuo cha UCLA miaka ya 1990. Mpira ukaisha, akawa anauza magari Las Vegas. Siku moja kwa rafiki yake akaonyeshwa mchezo wa kompyuta, ile ya pleisteshen mnayoijua, na ndani yake kuna mtu wa kimo chake, upara wake, namba yake ya jezi, anarusha kwa mkono wa kushoto kama yeye. Kampuni inauza, watoto wananunua, yeye hajapata hata senti. Akashitaki mwaka 2009. Ilibidi ifike 2021 ndipo wachezaji wa vyuo wakaruhusiwa kuingiza fedha kwa majina na sura zao, na Julai 2025 ndipo vyuo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, kila chuo kisichozidi dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza. Hesabu mwenyewe kutoka 1984 mpaka 2025: miaka 41 ya kumkamua mwanafunzi huku akiambiwa ashukuru.

Tena hela zile zikavunja hata undugu. Umoja wa vyuo vya pwani ya magharibi, Pac-12, wenye historia ya zaidi ya miaka 100, ulisambaratika mwaka 2023 kwa kukosa mkataba mnono wa televisheni. Vyuo kumi kati ya kumi na mbili vikahamia kwenye hela, vikabaki viwili vinatazamana. Leo mwanafunzi wa Los Angeles anapanda ndege kuvuka nchi nzima kwenda New Jersey kucheza mechi ya ligi, halafu arudi darasani. Ni kama kumwambia mtoto wa Kibaha Sekondari akacheze Kigoma Jumatano na Alhamisi asubuhi awe na kitabu cha fizikia mkononi.

Kwa hiyo sisi wa huku, ambao hatujauza hata dakika moja, tuna bahati ya kujua mwisho wa hadithi ya wenzetu kabla ya kuanza yetu. Mkataba wa kwanza wa kuonyesha mechi za shule au za vyuo utakapoandikwa (na utaandikwa, kwa sababu wafanyabiashara hawakuzaliwa jana) usiandikwe hotelini kati ya mwenye kampuni na mwenye muhuri. Uwekwe hadharani tuusome. Sehemu ya hela iandikwe mle ndani kwamba ni ya wachezaji na shule zao: magodoro, bandeji, nauli, bima ya mguu unaovunjika. Mchezaji wa UMISSETA mara nyingi ni mtoto wa miaka 16 au 17, na mzazi wake lazima aulizwe kabla sura ya mtoto haijabandikwa kwenye tangazo la soda. Na picha za mechi ziwe mali ambayo mchezaji mwenyewe anaweza kupewa nakala. Hilo la mwisho halina hata gharama ya soda, na ndilo lingemtosha winga wangu.

Pia zionyeshwe bure. Hatutaki kuambiwa tununue kifurushi ili tumtazame mdogo wetu akicheza uwanja ulio nyuma ya nyumba. Nchi hii tumeshaonja utamu wa ving'amuzi: analojia ilipozimwa kuanzia Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, mtu mwenye runinga nzima aliamka na kabati la kioo. Kisha Agosti 2018 TCRA wakasema ving'amuzi vya kulipia kama Azam na DStv havina leseni ya kuonyesha chaneli za bure, watu wakaanza kutafuta king'amuzi cha pili waweke juu ya cha kwanza. Banda letu la video hapa Misugusugu, kibanda umiza, siku zile lilikuwa na rimoti nyingi kuliko viti.

Na katika banda hilo ndipo nilipokuwa Jumapili iliyopita. Kiingilio mia tano, joto la kuoka mkate, vijana sitini wamebanana wanatazama timu mbili za Uingereza. Wanajua kila mchezaji, umri wake, alinunuliwa kwa paundi ngapi, hata jina la mbwa wake. Mbele yangu kakaa mtoto wa shule aliyecheza mechi ya wilaya Ijumaa iliyotangulia, kafunga bao la mbali kweli kweli, mimi nilikuwepo. Pale bandani hakuna aliyemjua. Alimpisha mtu mzima kiti, akasimama.

Nilipotoka nilimkuta wa MICHIGAN nje, juu ya pikipiki yake. Nikamweleza yote haya, chuo, uwanja wa watu laki moja na ushee, bilioni saba za dola. Alinyamaza muda mrefu akijitazama kifuani. Kisha akauliza: "Na winga wao wa kulia wanampata wapi?" Nikamwambia mpira ule hauna winga kama wetu. Akatikisa kichwa, akasema basi hawajui kitu, akawasha pikipiki.

Mashindano ya mkoa yakianza safari hii nitakuwa kando ya uwanja na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nimeshaweka akiba ya bando, na yeye ameahidi kunibeba bure kwenda na kurudi. Nitarekodi dakika zote tisini, pande zote mbili. Wenye kamera kubwa nao wanakaribishwa, nafasi ipo. Ila mgeni rasmi akichelewa, tunaomba refa apulize.